Kugeuza baiskeli ya resi kuwa gia moja, Mbeya na Iringa: njia tano kwa mpangilio, na kipi ununue kwanza

Baiskeli ya resi ya mtumba huwa na ugonjwa unaojulikana: fremu nzima, rimu zimenyooka, ila gia zimekufa. Direla (mkono wa nyuma unaohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine) imepinda safarini, liva ya gia imevunjika kwa ndani, kaseti (rundo la meno ya nyuma) imelika meno mpaka yamechongoka. Spea za gia tisa au kumi ni kazi kuzipata, na ukizipata zinaumiza mfuko. Ndiyo maana wengi wanafungua kila kitu na kubaki na gia moja. Ni uamuzi mzuri, ila hela nyingi hupotea kwa sababu mtu ananunua cheni na sproketi (gurudumu la meno) kabla hajaangalia nyuma ya fremu yake.

Tuseme ukweli mapema. Ukiishi Ipogolo na kazi yako ipo juu mjini Iringa, ukapanda kile kilima kila asubuhi ukiwa na mzigo, usigeuze. Tengeneza gia. Vivyo hivyo kwa anayetaka kupanda barabara ya Chunya kutoka Mbeya mjini. Gia moja inamfaa mtu wa Mwanjelwa, Mafiati, Kabwe hadi Uyole, au wa Kihesa na Mtwivila: milima midogo unayoweza kuipanda ukisimama juu ya pedali.

Angalia vitu viwili kabla ya kutoa shilingi

Cha kwanza ni mdomo wa fremu, pale ekseli ya nyuma inapokaa. Ingiza kidole. Mpasuo ukiwa umelala, gurudumu linaweza kusogezwa mbele na nyuma, kwa hiyo cheni itakazwa kwa kuvuta gurudumu. Fremu nyingi za zamani za chuma ziko hivi. Mpasuo ukiwa umesimama wima, gurudumu lina sehemu moja tu ya kukaa, na cheni itahitaji kitu kingine cha kuikaza. Fremu za aluminiamu za miaka ya karibuni karibu zote ziko hivyo.

Cha pili ni habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Kuna habu ya kufunga friwili kwa nyuzi za kuskrubu, ambapo meno yote na ule mlio wa tik-tik vinatoka kwa pamoja, na kuna habu ya kaseti, ambapo meno yanateleza juu ya bodi yenye mifereji na mlio unabaki kwenye habu. Namna rahisi ya kujua: tazama katikati ya meno huku ukizungusha pedali kinyume. Mahali pa kuingiza kifunguo pakizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Pakitulia wakati meno yanazunguka, ni friwili.

1. Friwili moja kwenye habu ya nyuzi (mdomo uliolala)

Hii ndiyo namba moja, na hakuna inayoikaribia kwa bei. Unatoa friwili ya gia tano, sita au saba, unafunga ya gia moja kwenye nyuzi zilezile. Kipimo cha nyuzi hizo ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kwa inchi, na ndicho cha friwili za kawaida za baiskeli kama Phoenix, kwa hiyo spea utaipata kwa fundi yeyote anayehudumia baiskeli za mizigo. Hesabu meno mwenyewe dukani. Unatafuta 18 au 20.

Tahadhari moja: baiskeli za zamani za Kifaransa zinaweza kuwa na nyuzi za milimita 34.7 kwa 1. Tofauti haionekani kwa macho. Friwili mpya ikianza kukaza kwa nguvu baada ya mzunguko mmoja wa mkono, simama. Ukilazimisha, utakuwa umechana nyuzi za habu, na habu ya aluminiamu iliyochanika haina dawa.

Kutoa friwili ya zamani ndiko kunakowashinda wengi. Unahitaji kifunguo chake; kuna cha mifereji na kuna cha meno mawili au manne, kwa hiyo nenda na gurudumu lenyewe. Ingiza kifunguo, kifungie na nati ya ekseli kwa mkono tu ili kisiruke. Bana kifunguo kwenye jiriwa, friwili ikiwa chini. Shika tairi kwa mikono miwili kama usukani wa lori na uzungushe gurudumu kushoto. Friwili inajikaza yenyewe kila unapopiga pedali, kwa hiyo ya miaka kumi itakuwa imeshika sana. Mafuta ya kupenyeza usiku kucha husaidia. Ikilegea tu, legeza ile nati kwanza. Usipolegeza, unaivunja ekseli.

Hakuna kifunguo? Fundi anaweza kufungua kifuniko cha friwili kwa patasi butu. Nyuzi za kifuniko hicho ni za kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kulia. Gololi zitamwagika zote, kisha bodi iliyobaki inabanwa kwenye jiriwa. Friwili hiyo ndiyo imekufa, lakini si ulikuwa unaitupa?

Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga mpya. Asiyepaka anamtafutia mateso atakayeifungua kesho.

2. Meno ya peke yake kwenye habu ya kaseti (mdomo uliolala)

Hapa unavua kaseti, unabakiza sproketi moja na kujaza nafasi kwa spesa (pete za kujazia). Kaseti yako ya zamani ina spesa ndani yake: toa zile pini au rivti zinazoshika meno, na utapata za kuanzia. Zisipotosha, kipande cha bomba la plastiki la maji kinachoingia juu ya bodi bila kucheza kinafanya kazi ileile, mradi kimekatwa sawa pande zote mbili. Kisipokatwa sawa, nati ya kaseti itakaa upande na sproketi itayumba.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unaweza kusogeza sproketi kushoto na kulia mpaka cheni inyooke kabisa. Ubaya ni kwamba meno ya kaseti yamechongwa makusudi ili cheni iruke kwenda gia nyingine. Cheni ikiwa upande kidogo tu, itashuka. Ukibahatika kupata sproketi nene iliyotengenezwa kwa gia moja, yenye meno marefu, lipa tofauti hiyo bila kunung'unika.

Zana: kifunguo cha nati ya kaseti na kishikio cha cheni. Kishikio unaweza kutengenezewa na mchomeleaji yeyote kwa kipande cha bati nene na nusu mita ya cheni chakavu.

3. Mdomo wima: iache direla ifanye kazi ya kukaza

Madukani huuzwa tenshena, mkono mdogo wenye kigurudumu cha kukaza cheni. Zinafanya kazi, lakini direla ya zamani inafanya kazi hiyohiyo na tayari unayo. Kata waya wa gia, bakiza kipande kifupi chenye kichwa chake, ukipitishe kwenye skrubu ya kurekebishia ya direla na kukikaza kwenye nati yake. Kisha zungusha ile skrubu mpaka vigurudumu vikae chini ya sproketi kabisa. Kama sproketi iko karibu na upande wa nje, skrubu ya kikomo peke yake inatosha, hata waya huhitaji.

Inaonekana kama baiskeli ya gia iliyosahaulika kumaliziwa. Sawa. Lakini kwenye njia ya vumbi ya Igawilo inashika cheni vizuri kuliko ujanja wa kutafuta idadi ya meno ambayo kwa bahati inakaza cheni bila kitu chochote. Ujanja huo unawezekana, ila cheni ikishalika kidogo inalegea na huna pa kuivutia.

4. Habu ya gia tatu za ndani

Hii si gia moja tena, lakini kwa mtu wa nyanda za juu tunaiweka juu ya namba tano bila kusita. Baiskeli za mjini za Kijapani mara nyingi zina habu ya Shimano Nexus yenye gia tatu ndani: ya kwanza inapunguza hadi 0.733, ya kati ni moja kwa moja, ya tatu inaongeza hadi 1.36. Nje unaona sproketi moja na cheni iliyonyooka. Kwa kilima cha Iringa hiyo ya kwanza ni mkombozi.

Shida ni rimu. Baiskeli hizo zina rimu za inchi 26 au 27 zenye kipimo cha milimita 590 au 630, na ya resi ni 622. Namba hizi zimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa hiyo fundi atafuma habu upya kwenye rimu yako. Hesabu matundu ya spoku ya habu na ya rimu kabla ya kununua, yalingane, na upime upana kati ya nati za ekseli ulinganishe na uwazi wa fremu.

5. Gurudumu jipya la gia moja

Zuri kwa macho. Lakini habu nyingi za aina hii zina upana wa milimita 120, wakati fremu ya resi ina 126 au 130. Utajaza washa kila upande. Ukibana tu fremu kwa nati bila washa, unaipinda. Kwa bei yake, ungefanya namba moja na kubaki na hela ya matairi.

Kuna kitu kimoja hatukiweki kwenye orodha kabisa: sproketi isiyo na friwili, ile inayozunguka na pedali muda wote, iliyofungwa kwenye habu ya nyuzi za friwili. Ukirudisha miguu nyuma kupunguza mwendo, inafunguka. Kwenye mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, katikati ya malori, hutaki kuligundua hilo. Breki mbili zibaki, za mbele na za nyuma, na mipira yake ibadilishwe ikiwa imekuwa migumu kama gamba.

Meno mangapi?

Baiskeli nyingi za zamani zina meno 52 na 42 mbele. Tumia 42. Ukiwa na tairi la 700x25, mzunguko wake ni kama mita 2.1, basi:

42 mbele kwa 16 nyuma: kila mzunguko wa pedali unasogea mita 5.5. Nzito kwa Mbeya.
42 kwa 18: mita 4.9. Ya kijana mwenye miguu.
42 kwa 20: mita 4.4. Hii ndiyo tunayompa mtu asiyejua achague ipi.

Kwa mita 4.4, ukipiga pedali mara 60 kwa dakika unaenda karibu kilomita 16 kwa saa. Mara 90, karibu 24. Wenye meno 39 mbele watumie 18; wenye 34 na kaseti watumie 15 au 16. Mwenye sproketi za mbele zilizopigwa rivti asihangaike kuzitenganisha, cheni ikae kwenye ndogo na kubwa ibaki kama kinga ya suruali.

Cheni, na kosa linalorudiwa kila siku

Friwili ya baiskeli ya kawaida ina meno mapana, ya inchi 1/8. Cheni ya baiskeli ya gia ni nyembamba, 3/32. Cheni nyembamba haiingii kwenye meno mapana. Inapanda juu, inakaa kama imeshika, halafu inaruka ukisimama juu ya pedali. Kinyume chake hakuna tatizo: cheni pana ya 1/8 inaenda kwenye sproketi nyembamba ya mbele, ikipiga kelele kidogo tu. Kwa hiyo ukinunua friwili ya Phoenix, nunua na cheni yake. Ukibaki na meno ya kaseti, cheni ya gia sita hadi nane inatosha.

Mstari wa cheni: simama nyuma, funga jicho moja, tazama kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Friwili moja hukaa ndani karibu na spoku, ndiyo maana sproketi ya mbele ya ndani huwa inalingana nayo. Ukitoa ile ya nje, boliti zitakuwa ndefu na hazitakaza. Tafuta fupi au weka washa. Tofauti ya milimita mbili inavumilika. Ikizidi hapo, hamisha spesa za ekseli kutoka upande mmoja kwenda mwingine na fundi avute spoku mpaka rimu irudi katikati.

Urefu: ukitoa jozi moja ya viungo, gurudumu linasogea mbele kama milimita 13, ukiongeza jino moja, linasogea mbele kama milimita 3. Ukaze mpaka cheni icheze sentimita moja katikati, juu na chini. Zungusha krenki (mikono ya pedali) polepole. Kama inakaza sehemu moja na kulegea nyingine, sproketi ya mbele haijakaa katikati: legeza boliti zake kidogo, igonge kwa mpini wa bisibisi pale inapokaza zaidi, kaza, jaribu tena.

Kwenye mdomo uliolala, kifungio cha haraka chepesi hakishiki; ukipanda mlima gurudumu linavutwa mbele upande wa cheni na tairi linasugua fremu. Weka ekseli ya nati na utembee na spana ya 15. Spana malaya itazila kona za nati ndani ya mwezi.

Baada ya kama kilomita 50 kaza tena krenki na urudishe gurudumu nyuma kidogo, maana cheni mpya hujinyoosha. Kisha, kila mvua za masika zikiisha, pima nafasi 24 za pini kwa rula. Cheni mpya ni milimita 304.8, ikifika 307, nunua nyingine kabla haijala friwili.