Neno moja kwa mwandiko wa Mama: tatuu yangu ya kwanza, Arusha

Nimechora tatuu yangu ya kwanza nikiwa na miaka 34, mwezi wa saba mwaka jana, kwenye chumba cha ghorofani kule Njiro, juu ya saluni ya kike. Ni neno moja tu, negema. Liko upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kwa mwandiko wa marehemu mama yangu. Tangu nichore, watu wamekuwa wakiniuliza. Wako wanaotaka mstari wa shairi, wengine aya, wengine jina la mtoto, na karibu wote huanza na bei. Bei nitaitaja. Kwanza neno lenyewe.

Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari Moshi. Nyumbani kwetu Rau, jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari, alikuwa anatuita mimi na mdogo wangu tukae naye kwenye mkeka atusomee. Hakusema "njooni". Alisema "negema". Tulikua tukidhani ni neno lake yeye, kama kila nyumba inavyokuwa na maneno yake. Nilipofika kidato cha tano ndipo nikalikuta kwenye ushairi: "Negema wangu binti." Ndivyo unavyoanza ule wosia wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, alioutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Negema ni sogea karibu, kwa Kiswahili cha kule visiwani kaskazini. Nilirudi nyumbani likizo nikamwambia Mama nimelikamata neno lake. Akacheka, akanihesabia mizani kwa vidole mezani: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane kamili.

Sasa, wako wanaoniambia kwamba utenzi ule unamfundisha mke kumtii mume hadi kupita kiasi, na kwamba mwanamke wa leo hana sababu ya kuubeba mwilini. Nawaelewa. Mama mwenyewe alikuwa akibishana na beti zake nyingi darasani, na aliwaachia wanafunzi wake, hasa wasichana, wabishane pia. Ila alisema daima kwamba kabla ya ushauri wowote Mwana Kupona kwanza alimwita mwanawe asogee, na kwamba mgonjwa anayekuita usogee ana jambo. Mimi nimechukua hilo. Neno moja, la mwanzo kabisa.

Mama alipougua, miezi yake ya mwisho, alikuwa anaandika kwenye daftari la kurasa 96, kalamu ya bluu. Hesabu za nyumba, dawa na saa zake, namba za simu. Ukurasa mmoja katikati ameandika ubeti ule wa kwanza, hakuna maelezo, hakuna tarehe. Daftari hilo ninalo.

Nilianzia Moshi, na hapo niseme wazi kilichonikuta ili kikusaidie. Kuna kijana nilielekezwa kwake, sitamtaja, nikamtumia neno kwa WhatsApp na amana ya shilingi 20,000 kwa simu. Siku ya kuchora akanyoa mkono, akabandika ile karatasi ya zambarau inayoacha mchoro kwenye ngozi, akaibandua. Nikasoma: egemea. Herufi za mtindo wa kadi za harusi. Nikamuuliza mbona hivi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, nilijua umekosea kuandika, nikakurekebishia." Sindano ilikuwa tayari kwenye mashine. Ningekuwa nimefumba macho kwa uoga, kama wengi tunavyofanya, leo ningekuwa nimebeba neno jingine maisha yangu yote. Niliufuta mchoro ule kwa spiriti nikaondoka, na amana sikurudishiwa.

Kwa hiyo nilipofika kwa dada mchoraji wa Njiro nilikwenda na daftari lenyewe. Nilielekezwa na mteja wetu dukani; mimi nauza dawa pale Arusha mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Nilikuta watu wawili mbele yangu na nilisubiri karibu saa mbili, muziki juu, benchi gumu. Hiyo ni kasoro na nilimwambia. Anatoa miadi lakini haiheshimu, na mtu aliyetoka Moshi au Karatu na nauli yake anaumia.

Lakini zamu yangu ilipofika alizima muziki. Akanawa mikono, akaniomba daftari, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Linasomwaje?" Nikalitamka. Akalitamka na yeye, mara mbili. "Maana yake nini, dada?" Nikamweleza, na nilijikuta nalia kidogo, akaniacha nilie. Kisha akauangalia mwandiko kwa muda mrefu. Akaniambia kitu ambacho mimi mwana wa aliyeandika nilikuwa sijawahi kukiona: mkia wa g ya Mama haurudi juu kama tulivyofundishwa shule, unakatika kushoto na kuacha pengo, kisha e inayofuata inaanza chini zaidi ya mstari, kama mtu aliyeshuka ngazi. "Huu mkono ulikuwa umechoka," akasema. "Nikiunyoosha, nitakuwa nimemwandikia upya. Niuache?" Nikamwambia uache.

Halafu tukaingia kwenye hesabu ya herufi, na hapa ndipo ningependa kila anayetaka maneno mwilini asikilize. Mimi nilitaka neno dogo, sentimita mbili, kama lilivyo daftarini. Alikataa. Wino wa tatuu hauwekwi juu ya ngozi. Ngozi ya juu hujibadilisha kila baada ya wiki chache na ingeondoka nao. Unawekwa kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita moja hadi mbili, na huko chembe za kinga za mwili huumeza na kukaa nao. Ndiyo maana haufutiki. Lakini miaka inavyokwenda mistari hunenepa kidogo kidogo. Akaniwekea kidole kwenye neno: e mbili, g, a. Herufi nne kati ya sita zina tundu. Ukiziandika ndogo, baada ya miaka kadhaa matundu yanajaa na neno linakuwa madoa sita. Akachukua kalamu, akanichorea jicho la e kwenye karatasi: lisipungue ukubwa wa punje ya mtama. Tukapima, neno likafika sentimita saba. Nilisita, nilikuwa nataka kitu cha siri. Leo nikilitazama najua angenikubalia nilivyotaka ningekuwa nimelipia doa.

Rangi hatukujadili sana. Ngozi yangu ni nyeusi, na nyeusi ndiyo inayosomeka vizuri na kudumu juu yake. Bluu ya kalamu ya Mama isingesomeka vizuri hivyo.

Kitu kingine: alinitazama masikio nilipotoboa, kisha akaomba aone kovu la chanjo begani. Anatafuta keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mpaka wa kidonda. Sisi watu weusi tunayapata zaidi, na kama yako kwenu, mstari wa tatuu unaweza kuinuka kama kamba. Kovu langu limelala. Aliniambia juma lile alishamrudisha kijana mmoja nyumbani kwa sababu hiyo, na pesa akaikosa.

Kwa usafi nilimkagua kama ninavyokagua maboksi ya dawa. Sindano ilikuwa kwenye kikasha chake cha plastiki, pakiti haijafunguliwa, nikasoma tarehe ya mwisho mwenyewe. Mashine na waya wake vimevishwa nailoni mpya. Wembe mpya. Wino aliumimina kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha soda, uliobaki akautupa. Pembeni boksi la njano la kutupia sindano, sawa na yale ya zahanati. Katikati ya kazi simu yake iliita, akaiacha iite hadi ikakatika, kwa sababu glovu zilikuwa mkononi. Nawaomba sana, haya yaulizeni kabla ya kutoa senti. Homa ya ini aina ya B na C husambaa kwa sindano chafu, na VVU pia. Mtu akikasirika ukimuuliza, ondoka.

Kuhusu maumivu, mashine yake ina mlio wa cherehani ya umeme iliyo chumba cha pili. Mstari wa kwanza wa n nilihisi kama mtu ananikwaruza kwa ukucha mahali palipoungua jua. Unazoea, kisha ukifika karibu na kiwiko unaanza upya. Ilimchukua dakika 50. Kwenye g alisimama, akalilaza daftari pajani mwangu akalitazama tena, akavuta pumzi, akashusha ule mkia kwa mkupuo mmoja mpaka pale unapokatika. Nilikuwa naangalia. Ni kama nilimwona Mama akiandika.

Nililipa shilingi 90,000, amana 30,000 ikiwa ndani yake, na marekebisho ndani ya miezi miwili ni bure. Niliyahitaji. Wiki ya tano mguu wa tatu wa m ulionekana hafifu, nikarudi akauongezea kwa dakika kumi. Hilo ni la kawaida kwenye uponaji, ila nauli na nusu siku ya kazi ni vyako.

Uponaji wenyewe haukuwa na makuu. Nilikuwa naosha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, napapasa kwa kitambaa safi kukausha, kisha mafuta kidogo sana. Ukipaka mengi kidonda hakipumui. Siku ya nne ngozi ikaanza kubanduka vipande vyeusi na mwasho ukaja, usikwangue hata ukilia. Mimi nilikuwa napigapiga kwa kiganja. Kosa langu lilikuwa sweta. Mwezi wa saba Arusha unaujua, baridi ya asubuhi ukungu umefunika Meru mpaka miguuni, nikavaa sweta la sufu ambalo lilikuwa linasugua pale pale. Vaa pamba ndani. Na kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka usahau kwa wiki tatu au nne.

Wengine hujaribisha kwanza kwa piko. Tafadhali msifanye. Ile piko nyeusi ni rangi ya nywele, na dawa iliyomo huwaunguza baadhi ya watu mpaka malengelenge. Nimewahudumia wawili dukani. Hina halisi ya kahawia haina shida hiyo. Na kama una mpango wa kuomba kazi polisi au jeshini, fikiri mara mbili, matangazo yao ya ajira huwa yanataja wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Mimi huchangia damu, na baada ya tatuu nimejiwekea mwaka mzima wa kusubiri.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi ya sindano. Shangazi yangu ni mzee wa kanisa. Alipouona mkono alinyamaza, akaenda kuchukua Biblia akanifungulia Walawi 19:28, pale panapokataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Sikumjibu. Anachosema kimeandikwa, na nilikuwa nimeshakisoma mwenyewe wiki tatu kabla, usiku, nikiwa bado sijaamua. Niliamua nikijua. Alikaa siku mbili hanisemeshi. Siku ya tatu, tunachambua mchicha jikoni, aliuvuta mkono wangu akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii g ni ya mama yako." Akaendelea kuchambua. Hatujalizungumza tena, na bado hapendi.

Mdogo wangu sasa naye anataka. Amechagua neno kutoka ubeti ule ule, ukurasa ule ule: upulike, yaani usikilize. Anataka liwe kwenye mbavu, dogo, sentimita tatu. Nimemwambia jicho la ile e lipo tena, na tumbo la p pia, aje na rula. Anasema mimi nimekuwa mkali kama Mama. Miadi ni tarehe 14 Desemba saa nne asubuhi, kwa dada yule yule wa Njiro, na daftari nitalibeba mimi.