"Masaa sita, dada yangu": ThinkPad T480 ya mtumba na betri zake

Muuzaji pale Kariakoo aliichomoa laptop, ThinkPad T480 ya mtumba, kwenye chaja mbele yangu, akaelekeza kidole kwenye alama ya betri: asilimia 100. "Masaa sita, dada yangu. We chukua tu." Nikachukua. Nina stationery Morogoro, kazi yangu kubwa ni kuchapa tafiti za wanafunzi, na umeme ukikatika mtu akiwa anasubiri kurasa zake za mwisho, anayesemwa ni mimi.

Wiki ya pili ukakatika kweli. Laptop ikaandika imebakiwa na saa 3 na dakika 10, nami nikaendelea kuchapa kwa raha zangu. Mwanafunzi akaomba aingie Zoom mara moja aongee na msimamizi wake, nikampisha kwenye kiti. Kabla hawajamaliza kusalimiana, zile saa 3 zilikuwa saa 1 na nusu. Kisha betri ya nje ikaruka kutoka asilimia 34 hadi 5, hivi hivi tu!

Kilichoniokoa ni jinsi T480 ilivyoundwa. Ina betri mbili: moja imefungwa ndani, ya wati-saa 24 (wati-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa: ukiligawa kwa wati mashine inazokula, unapata saa), nyingine inachomekwa nyuma na unaitoa kwa mkono. Inaanza kula ya nje, ikiisha inahamia ya ndani bila kuzima. Kwa hilo peke yake naipenda mashine hii, maana betri ya nje naibadilisha mwenyewe bila kumtafuta fundi.

Usiku nikafungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport. Windows inatengeneza faili unalolifungua kwenye kivinjari. Mistari miwili ndiyo ya kutazama. DESIGN CAPACITY ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni kile kinachoingia leo. Betri zangu zote mbili kiwandani zilikuwa takriban 24,000 mWh; kila 1,000 ni wati-saa moja. Leo ya ndani inabeba 17,200, ya nje 8,900. Yaani kati ya wati-saa 48 nilizodhani nimenunua, zimebaki 26.

Aliyewahi kupimiwa maharage kwa kopo lililobonyezwa kitako atanielewa. Kopo limejaa hadi juu, muuzaji hajadanganya, lakini chini pameingia ndani. Asilimia 100 ndiyo hiyo: inapima ukingo, kitako haikioni.

Ripoti hiyohiyo ina sehemu inayoonyesha betri imetumika muda gani na imepoteza kiasi gani. Nikagawanya. Nikichapa, Wi-Fi imezimwa na mwanga wa skrini umeshushwa, mashine inakula wati 8 hadi 9. 26 gawa kwa 8.7 ni saa 3. Kwenye Zoom inapanda hadi wati 17, na hapo ni saa 1 na nusu. Kumbe makadirio hayakuwa yamekosea, yalikuwa yanahesabu kwa ulaji wa dakika zilizopita, hayajui kwamba kuna mtu anakuja na kikao chake. Hata muuzaji wangu ukimtetea, 48 gawa kwa 8 ni 6. Masaa yake sita yalikuwa ya mashine mpya.

Nikanunua betri ya nje ya wati-saa 48, ile wanayoiita 61+. Ripoti sasa inaonyesha inabeba 47,300, na ukijumlisha ya ndani napata zaidi ya 64. Kwenye karatasi ni saa 7 na ushee za kuchapa. Kwa kweli napata saa 6 na nusu, kwa sababu mashine hujizima kabla ya kufika sifuri, na mimi mwenyewe siwezi kuacha kufungua WhatsApp.

Kwa kuwa dukani inakaa kwenye chaja kutwa nzima, na joto la Morogoro mnalijua, nimeweka kwenye Lenovo Vantage, programu ya kampuni iliyoitengeneza, isichaji kupita asilimia 80. Kujaa muda wote pamoja na joto ndivyo vinavyoizeesha betri ya lithiamu. Nikisikia tangazo kwamba kesho umeme hautakuwepo, usiku huo naondoa kikomo.

Mwezi uliopita nilirudi Kariakoo kutafuta ya pili kwa ajili ya msaidizi wangu. Duka lingine, muuzaji mwingine, masaa sita yaleyale. Nikamwomba dakika moja, nikaandika amri yangu palepale kaunta. Ya nje: 6,400. Akaitazama skrini, akaniangalia, akaniuliza, "Kwani dada wewe ni fundi?" Akashusha elfu arobaini.