Miezi mitano na kifaa cha kaboni dayoksaidi kwenye tangi la samaki, Uyole, Mbeya

Majani yanayoota ndani ya tangi hula kaboni dayoksaidi, na ili kuyaongezea gesi hiyo nilianza na hamira, kama wengi. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, sukari vikombe viwili, hamira kijiko kidogo, maji ya uvuguvugu, na mpira mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi tangini. Machi na Aprili mambo yalikwenda. Juni ilipoingia, baridi ya Uyole ikailaza hamira: povu moja kwa dakika, tena kwa kubembelezwa. Nikaikalisha chupa kwenye beseni la maji moto. Ikaamka na hasira zake, ikasukuma tope la sukari hadi ndani ya tangi. Sebule ikanuka kama kilabu cha komoni. Mama watoto hakusema neno, alifungua madirisha tu.

Basi nikaagiza kifaa cha chupa mbili kutoka Kariakoo. Kilikuja na basi, 70,000 pamoja na kusafirisha. Unapata vifuniko viwili vya chuma, geji ya presha, vali ya sindano ya kupunguza na kuongeza, na kidude cha kuhesabia mapovu. Chupa unajitafutia, na ziwe za soda, maana za maji ya kunywa ni laini, hazihimili presha. Upande mmoja unatia gramu 200 za asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa watengeneza juisi, upande wa pili gramu 200 za bekingi soda (siyo bekingi pauda, angalia usichanganye), kila kimoja na maji yake. Ukiiminya chupa ya asidi, kidogo kinavuka kwenye soda, gesi inajaa, geji inapanda. Baridi haikitishi. Kwa tangi langu la lita 60, povu moja kwa sekunde, saa saba kwa siku, mjazo mmoja unafika wiki tatu na kitu.

Kifuniko kimoja kilikuja kinavuja. Muuzaji alinijibu "kaza vizuri" halafu akanyamaza. Nilipaka maji ya sabuni, nikaona mapovu yanachungulia ukingoni. Oringi, kile kimpira cha duara cha kuziba, ya mia tano pale sokoni Mwanjelwa ikamaliza kesi.

Matokeo? Wiki ya pili, saa nane mchana, niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nianze kufuga. Kila jani lilikuwa limevaa vishanga vya oksijeni, vinakua, vinajing'oa kimoja kimoja na kupanda juu kwa mstari kama uzi. Nilivuta kigoda nikakaa. Jirani aliyepita akaniuliza kwa nini nafuga majani ndani wakati nje yapo ya bure.

Sasa ubaya wake. Agosti, usiku mmoja nilizima taa nikasahau kufunga vali. Bila mwanga majani hayatumii gesi hiyo. Nayo yanavuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi kama sisi. Asubuhi kile kikombe cha tangini chenye dawa ya kupimia gesi, ambacho hutakiwa kuwa kijani (takriban miligramu 30 za gesi kwa lita), kilikuwa njano kabisa, yaani gesi imezidi. Samaki wangu, magapi wadogo wale, wote wako juu wanatweta, watatu wameshakufa. Nilifunga gesi, nikabadilisha theluthi ya maji, nikawasha pampu ya hewa, waliobaki wakarudi. Tangu siku hiyo nafunga vali saa moja kabla ya kuzima taa. Na usikiamini sana kile kikombe, rangi yake huchelewa hadi saa mbili nyuma ya hali halisi.

Kama taa yako ni hafifu, weka hela yako mfukoni. Utalisha mwani tu. Na kama unafuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa, achana nacho kabisa: gesi hii hushusha pH, yaani huyatia maji uasidi, wao wamezoea pH ya karibu 8, na majani yenyewe watayatafuna.

Kinachonichekesha ni kwamba Rungwe hapo, upande wa Busokelo, gesi hii hii inachimbwa ardhini na kwenda kutiwa kwenye soda, na mimi nimeagiza vifuniko Kariakoo ili niitengeneze kwa unga wa juisi. Nikipata mtungi mdogo wa gesi hii na regyuleta yake ya kupunguza presha kwa bei ya kueleweka, hiki namwachia yule jirani. Wiki iliyopita alikuja kuomba kipande cha jani akapande.