Ringi za makro za elfu 30: nimezijaribu kwenye maua ya mikorosho

Aisee lenzi ya makro yenyewe, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kama zile za 100mm mimi sinunui leo wala mwakani, napiga harusi na paspoti hapa Mtwara na sijaona bibi harusi aliyeomba apigwe kope moja moja. Ila maua ya mikorosho yalikuwa yananitesa siku nyingi, kwa mbali ni kama vumbi tu la pinki juu ya mti. Basi nikaagiza Kariakoo zile ringi za chuma zinazokaa kati ya bodi na lenzi, elfu 30, na juu yake seti ya filta za kukuzia, vioo vya kufunga mbele ya lenzi, +1, +2, +4 na +10 (namba ikipanda inakuza zaidi), elfu 25.

Muuzaji akaniletea za Nikon. Canon nilimtajia mara 3 na picha ya kamera nikamtumia, nampigia ananiambia "bosi hizo zinaingia zote". Haziingii. Nauli ya kurudisha mzigo kwenye basi nikalipa mimi, na wiki nzima nikakaa namsubiri yeye.

Haya zikafika. Ringi ziko 3, za 7, 14 na 28mm, unaziunga zote au unatumia moja, ndani hamna kioo wala nini, ni uwazi tu wa kuisogeza lenzi mbele ili ikubali kuona karibu. Nikiziweka zote na 50mm f/1.8 II yangu ile ya plastiki, kitu cha sentimita 2 hivi kinajaza fremu ya kamera yangu, Canon 600D. Kwa elfu 30 hapo sina neno.

Kasoro yake ni kwamba hazina zile pini za umeme, kwa hiyo kamera haiongei na lenzi, na lenzi za Canon bila umeme zinakaa apacha, yaani lile tundu la kupitishia mwanga, wazi kabisa, unapata unywele mmoja wa ua na vingine vyote uji. Dawa yake hii: vaa lenzi kwenye kamera bila ringi, weka f/11 yaani tundu dogo, bonyeza kile kitufe kidogo cha kuangalia kina (picha itakuwa kali kuanzia wapi mpaka wapi), kishikilie hivyo hivyo huku unaizungusha lenzi kuitoa. Apacha inabaki imefunga, ndipo unavaa ringi. Mara 2 za kwanza nilikiachia mapema nikarudi kuanza upya nikiwa katikati ya mashamba na kofia ya lenzi mdomoni. Na mwenye 50mm ya STM ajue kabisa ringi yake ya fokasi inaenda na umeme, huku ataizungusha mpaka kesho, itabidi asogee yeye mwenyewe mbele na nyuma.

Nilienda kwa mjomba njia ya Naliendele saa 12 na nusu asubuhi, Agosti, kwa sababu saa 3 kusi ikishaamka hamna picha tena, tawi linatikisika kidogo tu ua linatoka nje ya fremu. Lenzi inakaa kama vidole vitatu kutoka kwenye ua. Na maji moto, wale chungu wekundu wakali, wamejaa kwenye hiyo mikorosho, wanawala mbu wa mikorosho, wadudu wanaoiharibu, kwa hiyo mjomba hataki waguswe, mmoja kanipandia mpaka kwenye kope nikiwa nimeshika pumzi.

Ila jamani lile ua! Petali 5 zimejikunja kwa nyuma kama nywele zimetoka saluni, nyeupe likiwa changa halafu linaingia michirizi ya pinki, na katikati stameni, kile kijiti cha chavua, moja ndefu imewapita wenzake wote. Kwa f/11 sehemu iliyo kali haifiki hata milimita 1, ukipata stameni umekosa petali, nilipiga 140 nikabaki na 6. Mwanga nao unapungua sana, bila flashi usijisumbue, mimi mbele ya flashi nimefunga kipande cha galoni nyeupe la mafuta ya kula kulainisha mwanga na kinafanya kazi kuliko filta zote 4.

Hizo filta sasa. +4 inavumilika. +10 ni chini ya chupa ya soda, pembeni kila kitu kina ukingo wa zambarau.

Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya kishada cha maua kimepakwa unga mweupe laini, nikajua ni salfa, ile dawa ya ukungu, waliyopuliza, nikamwonyesha mjomba kwenye skrini nikitegemea sifa. Akaikuza, kimya.

"Mpwa, mti gani huu?"

"Ule wa kisimani mjomba."

"Salfa yangu ya njano. Huu ubwiri, ukungu wenyewe." Akainuka kwenda kutafuta bomba, hata kamera hakunirudishia, kaiacha juu ya kinu.

Ringi nabaki nazo. Filta ya +10 nagawa bure, anayeitaka anipitie Shangani aje na kitambaa chake cha kuifutia.