Utumishi wa Sokoine katika kiti cha Waziri Mkuu: tathmini kutoka upande wa mlaji

Anayetaka kupima utumishi wa waziri mkuu aanzie dukani na kituo cha basi, hotuba zisubiri. Kwa kipimo hicho, Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili, anapata alama za juu kwa uadilifu na kasi ya kazi, za wastani kwa upatikanaji wa bidhaa, na za chini kwa haki ya mtuhumiwa.

Awamu yake ya kwanza ilianza Februari 1977, siku chache baada ya CCM kuzaliwa. Mwezi huohuo mpaka wa Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka ule. Fedha za kigeni bado zilikuwepo, maana baridi kali iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei ya zao hilo. Serikali ikakosea: mwaka 1978 ililegeza masharti ya uagizaji, na hazina ikakauka kabla mwaka haujaisha. Oktoba, majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Malori yaliyotakiwa kubeba mazao yakabeba askari. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979, vita vikiwa vimegharimu takriban dola milioni 500, na bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Wananchi waliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Hali haikurudi kama zamani. Kwa hayo si haki kumbebesha Sokoine peke yake, kwani Vita vya Kagera na bei ya mafuta havikutoka ofisini kwake.

Awamu ya pili, Februari 1983 hadi Aprili 1984, ndiyo inayompa sifa na lawama zake mwenyewe. Msako wa wahujumu uchumi na walanguzi ulianza Machi 1983. Sukari, vitenge, sabuni na mafuta ya kula vilifukuliwa kwenye maghala na majumba, na mnyonge aliyechoshwa na foleni alifurahi kwa haki. Lakini tuangalie njia ya bidhaa: kiwandani, kisha kampuni ya biashara ya mkoa, kisha duka la ushirika, ndipo mlaji. Kiwanda kilikosa vipuri na malighafi kwa kukosa fedha za kigeni, kikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Bei rasmi iliwekwa chini mno, hivyo kila mwenye kibali njiani alikuwa na sababu ya kuuza pembeni kwa bei ya magendo. Msako ulifika mwisho wa mnyororo huo na kuuacha mwanzo wake. Wenye maduka walipoogopa kuonekana na bidhaa, rafu zilizidi kuwa tupu.

Dosari kubwa zaidi ni sheria yenyewe ya kuwashtaki wahujumu uchumi. Ilipitishwa Aprili 1983, watu wakiwa tayari wamekamatwa, ikarudi nyuma kuwafunika. Baraza maalumu la kusikiliza kesi liliwekwa nje ya mahakama za kawaida. Dhamana hakuna, wakili hakuna. Vita dhidi ya ulanguzi ilikuwa ya lazima, lakini kumnyima mtuhumiwa wakili hakuongezi hata kilo moja ya sukari. Kampeni ya Nguvukazi nayo iliwaondoa mijini watu walioitwa wazururaji na kuwapeleka mashambani, na ikawagusa pia waliokuwa wakijitafutia riziki kihalali.

Penye mafanikio ya kweli ni usafiri wa Dar es Salaam. UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, ilikuwa imeelemewa, mabasi yameharibika bila vipuri, na magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha. Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu. Ndipo daladala zikaingia barabarani kihalali, jina ambalo wengi hulihusisha na nauli ya shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala. Hatua hiyo haikuhitaji fedha za kigeni za serikali wala askari. Ilimruhusu tu mwenye gari afanye kazi mchana kweupe. Laiti dawa hiyo ingetumika mapema kwenye sabuni na nguo!

Sokoine alifariki Aprili 12, 1984, kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Bajeti ya Juni iliyofuata iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka huohuo sheria mpya ilirudisha kesi za uhujumu uchumi Mahakama Kuu.