Gemu za diski na kaseti: bado nanunua, ila si kila kasha

Nakusanya gemu za diski na kaseti tangu enzi za PlayStation 2, na sijaacha. Ukiniuliza kama bado zinafaa kununuliwa na kutunzwa, jibu langu ni ndiyo, mradi gemu yenyewe imo ndani. Sharti ni hilo tu, na siku hizi makasha mengi hayalitimizi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukishakuwa nayo mkononi, hakuna wa kukunyang'anya. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za Wii U na 3DS, na Julai 2024 likafuata la Xbox 360. Gemu zilizokuwa zikiuzwa humo peke yake, kama hukuwahi kuzinunua, ndiyo basi tena. Kaseti zangu za 3DS hazikuguswa na habari hizo: nachomeka, nawasha, nacheza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Grand Theft Auto IV. Mwaka 2018, miaka kumi tangu itoke, leseni za nyimbo nyingi za redio ya magari ya ndani ya gemu zilikwisha muda, zikaondolewa kwa sasisho. Iliyoumia zaidi ni Vladivostok FM, stesheni ya Kirusi ambayo kwangu ndiyo roho ya mji wa gemu hiyo. Diski yangu ya PS3 inazo nyimbo zote. Naicheza mashine ikiwa nje ya mtandao, bila sasisho lolote, na Niko, mhusika mkuu, akishika usukani usiku redio inaimba vile vile ilivyoimba 2008. Anayeipakua leo hapati mji ule.

Kwa anayenunua iliyotumika, nina neno. Wengi hugeuza diski, wakatazama mikwaruzo ya chini, wakaridhika. Kwa PlayStation ya kwanza, ambayo diski zake ni CD, mimi naanza na upande wenye picha. Data ya CD imelala chini tu ya picha hiyo, na kinachoilinda ni rangi na vanishi nyembamba. Naiinamisha chini ya taa nikitafuta alama ya kuchimbika. Nikiiona, nairudisha kwa mwenyewe hata kama upande wa chini unang'aa. Huko chini plastiki ina unene wa zaidi ya milimita moja, kwa hiyo mikwaruzo midogo inaweza kung'arishwa. Blu-ray, aina ya diski za PS3 na kuendelea, ni kinyume chake: data iko milimita 0.1 tu kutoka chini, ila imepakwa utando mgumu. Zote hufutwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Kaseti nazo zina uzee wake. Pokémon Gold na Silver hutumia betri ndogo kuendesha saa na kushikilia safari yako, na betri hiyo imelehemiwa kwenye bodi. Ikifa, gemu inacheza lakini haikumbuki kitu. Kuibadilisha kunawezekana, ila ukiitoa tu, kilichohifadhiwa kinafutika. Anayekuuzia akwambie betri ilibadilishwa lini.

Sasa yale nisiyoyanunua. Switch 2, mashine ya Nintendo iliyotoka Juni 2025, imekuja na kadi za ufunguo: unanunua kasha, unafungua, unakuta kadi isiyo na gemu ndani, kazi yake ni kukuruhusu kuipakua. Siku seva itakapozimwa, aliyekuwa hajapakua atabaki na plastiki. Inaniudhi, kwa sababu uwezo upo: Cyberpunk 2077 kwenye mashine hiyo hiyo ilitoka nzima kwenye kadi ya GB 64. Soma maandishi ya mbele ya kasha kabla hujalipa.

Hata diski iliyojaa si kinga ikiwa gemu inategemea seva. The Crew ya Ubisoft ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na walioinunua kwa diski hawawezi kuicheza, hata peke yao. Gemu ya namna hiyo siiweki rafuni, iwe nzuri vipi.

Na mashine yenyewe uichague vizuri. PS5 Pro haiji na kisomadiski, unakinunua kando, tena ukikifunga mara ya kwanza lazima uunganishe intaneti ili mashine ikitambue. Mwenye rafu ya diski alifanye hilo mapema, wakati seva za kufanyia kazi hiyo bado zipo.

Gemu mpya kubwa sikimbilii siku ya kwanza. Diski ya siku hiyo mara nyingi hubeba toleo bichi, na marekebisho hubaki mtandaoni. Nasubiri toleo kamili, kama lile la The Witcher 3, lenye nyongeza zake pamoja. Hilo nalinunua bila kuuliza mara mbili.