Tochi ya UV ya nanomita 365 kwa wakusanyaji wa vioo vya enzi ya Malkia Victoria

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza: pauni 28, pamoja na betri, waya wa kuchajia na miwani ya manjano ya kukinga macho. Tochi za aina hii zinauzwa mtandaoni kwa majina chungu nzima, kwa hiyo jina la hii halitawasaidia sana. Tazameni mambo mawili: iwe imeandikwa 365, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake kwa nanomita, na mbele ya balbu iwe na kichujio cheusi. Zile za 395 ni rahisi zaidi, lakini zinamwaga zambarau nyingi mpaka chombo kizima kinageuka zambarau, na ule mng'ao unaoutafuta unamezwa humo humo.

Kwa wasiojua tunatafuta nini: ni mambo yale yale ya taa ya kukagulia noti bandia pale kaunta. Kuna vitu ukivipiga miale ya UV (urujuanimno) vinawaka, na urani ni kimojawapo. Ndiyo, urani hiyo hiyo inayozungumzwa kule Mkuju, Namtumbo. Karne ya 19 mafundi wa vioo walikuwa wakitia oksaidi yake kidogo kwenye mchanganyiko ili wapate manjano na kijani. Mimi nakaa West Midlands, Uingereza, karibu na Stourbridge, na Jumapili nyingi utanikuta kwenye yale masoko ambayo watu wanauza vitu vyao nje ya buti za magari, ninainama chini ya meza za watu na tochi mkononi. Mume wangu ameshazoea kusimama mbali akijifanya hatujuani.

Chombo nilichoijaribia vizuri zaidi ni sahani yangu ya kiwanda cha George Davidson wa Gateshead, aina waliyoiita Primrose Pearline, iliyoingia sokoni 1889. Mchana ni ya manjano ya limau, na ukingoni imegeuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu ukingo ulirudishwa motoni baada ya kufinyangwa. Washa tochi: sahani nzima inalipuka kijani, hata vidole vyangu vinaonekana vya kijani. Kijitochi changu cha zamani cha 395 kilikuwa kinaonyesha katikati tu, ukingo unabaki na wasiwasi. Hapa hakuna wasiwasi.

Lakini sikilizeni, mwaka sikuambiwa na tochi. Nimeambiwa na namba ya usajili wa muundo iliyotokeza kwenye kioo chenyewe, Rd 130643. Namba za Rd zilianza 1884 na moja. Za 1889 zinaanzia 116648 na za 1890 zinaanzia 141273. Hesabu hiyo unaifanya papo hapo sokoni, na hata hapo unachokipata ni mwaka muundo uliposajiliwa, kwani kiwanda kiliweza kuendelea kufyatua sahani hizo miaka mingi baadaye. Ukiona alama ya almasi badala ya namba, hiyo ni ya kati ya 1842 na 1883. Ukiona kichwa cha tausi, umekuta kiwanda cha Sowerby, nacho kilikuwa cha Gateshead.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisifia tochi hii kana kwamba ni mtaalamu wa mnada. Inakwambia kilichomo ndani ya kioo, basi. Umri haiujui.

Mfano mzuri ni Burmese. Kioo hiki kina urani na dhahabu pamoja; kikitoka kwa fundi ni cha manjano, kikipashwa moto tena sehemu ya juu inaiva kuwa waridi. Hataza ilichukuliwa Marekani mwaka 1885 na Frederick Shirley wa Mt. Washington Glass Company, na mwaka uliofuata Thomas Webb & Sons wa hapa Stourbridge wakapata leseni, wakakiita Queen's Burmese. Sasa, kuna muuzaji aliniwekea mezani chombo cha maua cha Burmese, kimekunjwakunjwa mdomoni kama marinda, akaniapia ni cha Webb, akaniazima kivuli cha koti lake nimulike. Kikawaka vizuri sana. Nikakigeuza. Chini kabisa, hafifu, jina Fenton ndani ya umbo la yai. Fenton kilikuwa kiwanda cha West Virginia, Marekani, na Burmese kilianza kutengeneza 1970. Chombo kizuri, ila si cha Malkia, na bei yake ilikuwa ya Malkia. Cha Webb hupigwa muhuri wa asidi wa mviringo, ingawa si vyote, na mahali fimbo ya fundi ilipokatwa huwa pamesagwa na kung'arishwa. Pitisha kidole gumba utapasikia.

Tatizo la pili ni la nguvu yake yenyewe. Vioo vingi vya zamani visivyo na rangi vilitiwa manganizi kuondoa ukijani wa mchanga, na manganizi nayo huwaka kijani, japo hafifu. Kwa tochi kali namna hii, ukiibandika karibu na kioo, hiyo manganizi inaweza kukudanganya mchana kweupe. Rudi nyuma urefu wa mkono. Urani itaendelea kuwaka, manganizi itazimika. Rangi ikiwa ya machungwa, fikiria kadimiamu, metali nyingine ya kutia rangi.

Miwani vaeni. Miale ya 365 karibu haionekani, kwa hiyo jicho halishtuki wala halifumbi, na kioo kinairudisha usoni kwako. Watoto wasiichezee.

Kama unakusanya kameo za kina Woodall, yaani vioo vya tabaka vilivyochongwa picha, au vile vioo vyekundu vilivyotiwa rangi kwa dhahabu, usiinunue, haitakwambia kitu. Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, kama ya masonara, ndiyo itakayokuonyesha patasi ilipopita na mahali asidi ilipofanya kazi peke yake.

Betri inatosha asubuhi nzima ya sokoni. Mwili wake unapata joto ukiiacha ikiwaka mfululizo. Nyota nne. Ya tano nimeibania kwa ajili ya swichi: haina kifungio, inajiwasha yenyewe ndani ya mkoba, na kwa sababu mwanga hauonekani hujui mpaka uguse ngozi ya mkoba ukute imechemka. Mimi sasa nalegeza kifuniko cha betri robo mzunguko kabla ya kuitia mkobani.